Mwendo wa Bibi Kwenye Mteremko

Bibi yangu alikuwa na goti bovu la kushoto. Hospitali ya Same walisema limesagika, wakampa dawa ya maumivu na kumwambia apunguze kupanda na kushuka. Sisi tulikaa mlimani. Shamba lake la tangawizi lilikuwa chini ya nyumba, kwenye mteremko ambao hata mbuzi huufikiria kwanza.

Baba mdogo, aliyefungua duka mjini Same biashara binafsi ziliporuhusiwa, alishasema wazi: "Mama, siku utakayoshindwa kushuka shambani mwenyewe, nakuja kukuchukua." Bibi hakutaka kabisa kuishi mjini. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, sina kazi. Nikajipa kazi ya kumtibu.

Kwenye rundo la mitumba gulioni Hedaru niliokota kitabu cha mazoezi ya viungo, cha Kiingereza, chenye picha. Nilikisoma kwa kamusi. Sikujiruhusu kufungua ukurasa mpya kabla sijaelewa kila neno la ule uliotangulia, hivyo jioni nzima iliweza kuishia kwenye aya moja. Nilijivunia hilo. Niliogopa mno kukosea.

Tulianza na mapaja. Nilijaza mchanga kwenye soksi kuukuu, nikamfunga kifundoni. Akiwa amekaa, anyooshe mguu, aushikilie, aushushe taratibu.

"Mume wangu," alisema, maana ndivyo alivyoniita mimi mjukuu wake, "mahari ulitoa lini hata unitese hivi?"

"Polepole, bibi. Usiuangushe."

"Hata ng'ombe wa kulimia hupumzishwa."

Alilalamika, lakini alifanya. Kabla ya mvua za vuli aliweza kuinuka kigodani akiwa na sufuria ya makande mikononi. Laiti ningeishia hapo.

Lakini mwendo wake ulinikera. Kila alipokanyagia mguu mbovu, kiwiliwili kililalia upande huohuo. Na kwenye mteremko alishuka kwa ubavu, kama washukavyo wazee wengi wa kwetu. Jirani alizoea kumtania: "Mama, kaa wako wa mtoni anaelekea wapi leo?" Watu wa kwenye picha zangu walitembea wima, vidole mbele. Nikaamua bibi naye atembee hivyo. Sikujiuliza kwa nini picha zote zilikuwa za sakafu tambarare.

Nilimtangulia njiani nikirudi kinyumenyume ili nimwone. "Wima, bibi. Usiegemee." Alinitii. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alikuwa ameushuka mteremko ule tangu alipoolewa, lakini kwa kuwa mazoezi ya mapaja yalimfaa, aliamini kwamba najua.

Goti likavimba. Nikadhani hajanyooka vya kutosha, nikazidi kumsahihisha. Mwishowe hakuweza kuvuka hata migomba ya nyuma ya nyumba, na baba mdogo akaja na pikapu.

Alipokwisha kuhama ndipo nilipofika kwenye kurasa za mwendo. Zilieleza kwamba mgonjwa anayelalia upande wa mguu mbovu huenda analipunguzia goti mzigo, na anayemfundisha asiwe na haraka ya kumnyoosha. Kama ningekuwa msomaji mvivu, mwenye kurukaruka kurasa, ningeliona hilo mapema.

Nikashuka Same kumwomba radhi. Nilimkuta uani, kwenye sakafu ya saruji, uvimbe umepungua, akichambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekula?"

Nilimweleza yote, hata vile nilivyosoma taratibu. Alisikiliza huku vidole vikiendelea kutafuta mawe.

"Mbona mimi nilijua," alisema. "Kila nikinyooka liliniuma."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulikuwa unafurahi sana."

Akaupeta mchele mara moja, akaniuliza kama tangawizi imeota.

"Imeota, bibi," nikasema. Sikuwa nimekwenda kuangalia.