Nzi wa Nywele za Mama Mkwe

Kinyozi wa jirani na posta alikuwa hodari wa mkasi, lakini samaki walimdharau. Kila Jumatatu alifunga duka akaenda kwenye ziwa dogo nyuma ya kiwanda cha matofali. Minyoo hakuitaka. Yeye alivua kwa nzi bandia: ndoano ndogo aliyoizungushia uzi, manyoya ya kuku na nywele alizozizoa sakafuni, ili samaki adhani ni mdudu.

Kurusha alijua. Kwa ufito wake wa kuvulia aliurudisha mshipi nyuma, akangoja unyooke hewani, ndipo akausukuma mbele, nzi akatua taratibu kando ya matete. Samaki walikuja, wakamtazama yule nzi, wakaenda zao.

“Labda wanataka kunyolewa,” mkewe alimwambia.

Jumapili moja mama mkwe alikuja kupunguzwa nywele. Alikuwa amezipaka rangi, nyekundu kama kutu. Kesho yake kinyozi alitupa nzi mwekundu, na samaki wakamgombania. Akarudi nyumbani ndoo imejaa.

Tangu hapo akawa mkwe mwema kupita kiasi.

“Mama, naona hapa nyuma zimezidi. Kaa kidogo.”

Mama mkwe, asiyekataa cha bure, alikaa. Akakaa tena na tena, mpaka alipojipapasa kisogo akakuta ngozi tupu.

“Baba,” alisema polepole, “nywele zangu unazipeleka wapi?”

Kinyozi alieleza yote.

“Na hao samaki wanazipenda?”

“Sana, mama. Za mwalimu mkuu hawazigusi kabisa.”

Mama mkwe alijikaza asicheke, akashindwa.

Jumatatu iliyofuata alikwenda naye ziwani, kitambaa kichwani, akadai ufito. Alirusha mara ya kwanza, ndoano ikanasa kola ya mkwewe.

“Tulia,” alisema bila kugeuka, “nimepata mkubwa.”

“Mama, ni mimi.”

Kinyozi alijinasua, akamfundisha asiwe na pupa, aungoje mshipi unyooke. Haikupita muda mama mkwe akavuta samaki mnene kama mkono wake, akamtazama kwa mapenzi ambayo mkwewe hakuwahi kuonyeshwa.

Siku hizi wanakwenda pamoja. Kinyozi hubeba ndoo na kufunga nzi. Ufito huupata pale tu mama mkwe anapochoka, na mama mkwe hachoki upesi.