Majani ya mama yalimng'arisha farasi wa kaka yangu, hayakumponya

Wakuu, poleni na mihangaiko. Nipo Butembo, Kivu ya Kaskazini. Hii siyo chai, farasi mwenyewe nilimshika ufizi kwa vidole vyangu. Anayeona ni uongo apite tu, sina nguvu za kubishana.

Kaka yangu Paluku alikuwa mkulima wa kakao upande wa Mangina. Vita ikamtoa shambani, akahamia Beni mjini na mke na watoto. Akauza kilichobaki, akanunua farasi jike kwa wafugaji wa milimani Lubero.

Msicheke. Huku kwetu bibi harusi akipigwa picha juu ya farasi, mtaa mzima unaongea. Kazi hiyo ilikuwa inawalisha.

Lakini yule farasi alikulia kwenye baridi. Beni ni joto na msitu uko karibu. Akaanza kukonda. Homa inakuja, inaondoka. Nilipokwenda kuwasalimu nikamfunua mdomo, ufizi ulikuwa mweupe kama unga wa muhogo.

Mama yetu anakaa nami Butembo. Miaka yote amewatunza wanawake waliojifungua kwa majani yanayowasha, yale yenye vinywele vinavyouma ukigusa. Ndugu wa Kenya nadhani mnayaita thabai. Anawapikia supu yake ili warudishe damu. Nilipomsimulia habari za farasi hakufikiri mara mbili.

"Iyo farasi inakosa damu tu," alisema. "Muipatie majani yangu. Muichunge kama muzazi."

Donc, basi, tukamfanya mzazi kweli, kama mwanamke aliyetoka kujifungua!

Beni majani hayo hayaoti, ni ya huku juu. Nilijifunga mifuko ya plastiki mikononi, nikakata, nikayaanika mpaka yakaacha kuwasha, nikatuma magunia kwa basi. Kule Paluku alimfungia farasi ndani, akamfunika blanketi, akamchanganyia majani na pumba asubuhi na jioni. Watoto walikatazwa kupiga kelele karibu naye, eti mzazi anapumzika.

Na wakuu, aling'aa. Manyoya yakalala kama yamepakwa mafuta. Akala vizuri. Paluku alinitumia picha, nikalia kwa furaha.

Picha hizo nilimwonyesha veterinaire mmoja wa hapa, daktari wa mifugo, nikamweleza na ile homa. Hakufurahi. Alisema majani ni chakula kizuri, lakini homa ya kwenda na kurudi huenda ni ugonjwa wa mbung'o, damu ipimwe upesi, dawa ipo. Nikampigia kaka.

"Mama alishasema ni damu," akanijibu. "Nikiita docteur, ni kama kumuambia mama hajue kitu. Hapana, dada Masika."

Kumbishia mama mambo ya dawa, nyumbani kwetu hakuna aliyewahi. Nikakata simu, nikarudi kuanika majani.

Ikatokea harusi huko Mavivi, karibu na Beni, farasi akakodiwa. Nami nilialikwa. Bibi harusi akapandishwa, wakapiga picha mbili tatu. Farasi akatetemeka, akapiga magoti. Bibi harusi waliwahi kumshusha, hakuumia, namshukuru Mungu.

Farasi hakuinuka tena. Kaka alikaa chini akamshika kichwa mpaka mwisho, suti yake ya kazi imejaa udongo. Wageni wakasogeza viti, karamu ikaendelea. Inaniuma mpaka leo.

Mama tulimwambia farasi amepona na ameuzwa milimani. Lilikuwa wazo la Paluku, na sote tuliliona zuri.

Mama alifurahi mno. Akasimulia kanisani, akasimulia sokoni, kwamba majani yake yameinua hata farasi. Watu wakazidi kuja kuomba.

Juzi akaja jirani yetu, mama Kahindo. Binti yake amejifungua, hawezi kusimama, midomo imekuwa myeupe.

"Kwanza tujaribu majani," alisema. "Kama ilimuponesha farasi, mutoto wangu ataweza kukosa kupona?"

Mama alikuwa tayari anamjazia mfuko.

Nikasema mbele ya mgeni: "Mama, farasi ilikufaka. Ilikufa siku ya ndoa."

Mkono wake ulibaki ndani ya gunia. Hakuniangalia. Akamgeukia jirani.

"Mupeleke mutoto ku hopitali," alisema. "Sasa hivi. Majani utakuya kuchukua siku ingine."

Binti yuko wodini, amewekewa damu, hali bado si nzuri. Mama hasemi na mimi wala na Paluku kwenye simu. Anapika, anasali, analala. Watu wakija kuomba majani anawaambia yamekwisha, na magunia yapo pale mlangoni wanayaona.

Nilichojifunza ni hiki. Majani yale ni mazuri, hata leo ningempa mnyama. Lakini kung'aa siyo kupona, damu ipimwe. Na sisi tulidhani tunamheshimu mama kwa kumficha, kumbe tulimwacha peke yake na wagonjwa wa watu, anawatibu kwa uongo wetu.

Wenye mifugo, karibuni mnisahihishe kuhusu huo ugonjwa. Na mwenye mama aliyewahi kumnyamazia hivi, anisaidie: unaanza na neno gani? Maana kila asubuhi namwamkia, na kila asubuhi anaitikia kama anavyoitikia wapita njia.