Nilivyoijaribu Carina ya Mzee Shabani

Leo nimeenda kujaribu gari la kununua, nikaishia wodi ya wazazi.

Mzee Shabani, mwenye duka la vitenge Kasulu mjini, alikuwa anauza Carina yake. Carina haziundwi tena viwandani, na nilihofia hii iko chini mno kwa barabara zetu. Tukaipeleka kijijini Heru Juu, kwenye mashimo, tuijaribu.

Huko mama mmoja akatusimamisha. Binti yake ameshikwa uchungu, hawezi kupanda bodaboda.

Nikamtazama mzee, maana gari ni lake.

"Geuza, mwanangu. Twende hospitali."

Binti alijilaza nyuma, kichwa mapajani kwa mama yake. Mashimo yote yale, chini haikugusa.

Kajifungua salama, mtoto wa kike!

Nikasema, "Mzee, naichukua."

Akapapasa boneti. "Hapana. Kumbe gari yangu nzima hivi? Siuzi tena."

Jamani, Kasulu nimeikosa; hapo wilaya jirani, Kibondo, nani anauza Carina?