Behewa Lililokataa Kumwaga

Chama cha reli ndogo cha Cawburn kilikuwa na wanaume kumi na mmoja, na Beryl Raine. Wanaume walikuwa wanachama. Beryl alikuwa mama wa chai. Miaka tisa mfululizo, kila Jumamosi mchana, alifungua ukumbi wa kanisa, akachemsha maji na kupanga biskuti, huku mabwana wameinamia meza yao ndefu wakisukuma treni za kuchezea. Usiwaambie nimesema za kuchezea, watanitafuna mzima. Waligombana mpaka mishipa ya shingo ikawatoka kwa ajili ya rangi ya behewa ambalo lilikwishayeyushwa na kuwa masufuria zamani.

"Beryl, kipenzi, za tangawizi zimekwisha?" Mazungumzo yao naye yaliishia hapo.

Kumbe katika ukumbi ule mzima, aliyewahi kulipaka rangi behewa la kweli ni yeye peke yake. Akiwa na miaka kumi na tisa alifanya kazi katika karakana ya reli, kwenye banda la rangi, ndoo ya rangi nyeupe mkononi. Namba na mistari, ndiyo ilikuwa kazi yake. Behewa la makaa ya mawe lina mlango kichwani, yaani mwishoni mwake, upande mmoja tu. Ubavuni hupakwa mstari mweupe wa mshazari, unaoanzia chini na kupanda kuelekea ule upande wenye mlango. Mtu wa bandarini akiuona, anajua makaa yatatokea wapi. Basi. Kazi rahisi, ungesema.

Sasa sikiliza. Mabehewa yaliingizwa bandani milango yote ikitazama dirishani. Siku moja ya Novemba, mwaka 1961, yaliingia arobaini, na moja kati yao lilikuwa limegeuzwa. Beryl hakutazama. Mkono ulikwishazoea: chini huku, juu kule, linalofuata. Akalipaka pande zote mbili, akaenda zake kula.

Behewa likapakiwa makaa, likafika bandari ya Harle, likaangukia mikononi mwa Wilf Stobbart, mwendesha mashine ya kuinulia mabehewa. Wilf akausoma mstari, akaligeuza behewa kama mstari ulivyomwambia, akaliinua upande mmoja juu ya meli ili makaa yateremkie mlangoni. Hapakumwagika hata punje. Tani kumi na sita zilijirundika kwenye ukuta wa chuma usio na mlango, behewa likapinda, mashine ikakwama, maji ya bahari yakapwa, na meli ikalala pale pale mpaka kesho yake. Wilf aliapa kwa kila kitu kitakatifu kwamba mstari ndio uliokosewa. Wenzake, kwa kuogopa wakubwa, wakasema hawakuangalia. Wiki iliyofuata wakubwa wakaenda karakanani kuhakikisha, wakaukuta mstari hauna kasoro yoyote.

Haukuwa na kasoro kwa sababu Beryl alikwishaliona behewa lile likirudishwa kutengenezwa. Aliyatambua makosa yake. Saa ya chakula akaufuta mstari na kuupaka upya. Dakika kumi tu. Alikuwa msichana mdogo, aliogopa kufukuzwa, na hakujua kwamba huko Harle kuna mtu atakayebebeshwa mzigo wake.

Wilf akanyang'anywa mashine, akapewa ufagio. Akapewa na jina: Kinyumenyume. Harle nzima ilimwita hivyo, na mwanawe Gordon alikua akiitwa mtoto wa Kinyumenyume. Ndiyo maana Gordon huyo huyo, sasa mwenyekiti wa chama, alikuwa mkali kwa mabehewa kuliko mkaguzi wa serikali. "Mstari hausemi uongo," alipenda kusema, kidole juu. Mtu asije akamwambia na yeye ni kinyumenyume.

Beryl alikuja kukijua kisa hicho palepale kwenye birika la chai. Kila siku ya maonyesho na kila Krismasi, Mzee Wilf aliletwa ukumbini, akawekwa karibu na hita, na Trevor, mweka hazina mwenye mdomo mrefu, akamchokoza. "Mzee, hebu tuambie, behewa lina kichwa wapi na makalio wapi?" Mzee naye aliwaka moto: "Mstari ulikosewa! Ulikosewa, mbwa nyie!" Watu wakacheka mpaka machozi. Beryl akammiminia mzee chai, sukari tatu, akarudi kwenye birika lake. Aibu ilimtafuna, lakini alijidanganya kuwa mzee mwenyewe anaufurahia ule ugomvi.

Mpaka Krismasi ya mwaka 1993. Trevor alichokoza kama kawaida. Wilf, mwenye miaka themanini na minne na macho yasiyoona tena, hakuwaka. Alishika kikombe chake akasema polepole, "Pengine nilikosea kweli. Siku hizi sijui tena."

Ewe Mola! Beryl alirudi nyumbani akalia kwa sauti, mumewe Len akadhani kuna msiba.

Chama kilikuwa na kanuni moja ya kuingia: lete behewa moja ulilolitengeneza kwa mkono wako, wanachama walikague, wanyanyue mikono. Mwanamke hakuwahi kuingia kwa sababu hakuna aliyewahi kuomba. Na tusifichane, Beryl aliutamani uanachama kwa moyo wake wote. Miaka tisa alikitazama kiti kimoja kitupu kwenye ile meza. Basi akaamua jambo moja libebe yote mawili.

Alinunua behewa la plastiki, dogo kiasi cha kukaa kiganjani, akaanza kulipa sura ya behewa la kweli. Alikwangua mikono ya breki iliyofinyangwa pamoja na ubavu, akatengeneza mingine kwa waya wa shaba. Alizipunguza kuta kwa ndani kwa wembe mpaka zikawa nyembamba kama chuma cha kweli. Alipasha kijiko moto, akabonyeza sakafu kidogo hapa na pale, kwa sababu makaa yakidondoshwa kila siku sakafu hubonyea. Mlango wa kichwani aliukata, akaurudisha kwa bawaba za kweli, ukafunguka. Kutu aliipata kwa chumvi ya jikoni: alipaka rangi ya kahawia, akalowesha, akanyunyiza chumvi, akapaka kijivu juu yake. Ilipokauka akaisugua chumvi kwa mswaki wa Len, na kutu ikajitokeza penye mabaka yake kana kwamba behewa limenyeshewa miaka ishirini.

"Huo ni mswaki wangu," Len alisema.

"Ulikuwa."

Mwisho, kwa brashi yenye nywele tatu, akaandika namba ambayo hakuwahi kuisahau. Kisha akavuta pumzi na kupaka mstari mweupe. Pande zote mbili. Kuelekea upande usio na mlango.

Jumamosi moja kabla ya maonyesho ya Aprili alilileta. Mabwana waliacha kila kitu. Trevor alilipokea, akaligeuza, akapiga mluzi. "Ala! Mama wa chai, hili umelinunua wapi?"

"Kwenye duka la mikono yangu."

Gordon alivaa miwani yake ya kukuzia. Alitazama breki, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Alifungua kamlango kwa kucha, akatabasamu. Kisha akalitazama ubavuni, na tabasamu likakauka. "Beryl, kipenzi. Mstari."

"Una nini?"

"Umepanda upande usio na mlango. Ni kosa la mtu anayeanza, usijali. Ufute, upake upya, Jumamosi ijayo tukunyanyulie mikono. Sijapata kuona behewa zuri kama hili, nakuambia kweli."

"Siufuti. Behewa liko kama lilivyokuwa."

"Una picha ya kuthibitisha?"

"Sina."

"Bila picha, hakuna behewa. Kanuni ni kanuni."

"Loo, chama kimepata Kinyumenyume wa pili!" alisema Trevor, na watu wakacheka. Gordon hakucheka. Masikio yalimwiva.

Beryl angeweza kusema palepale. Lakini wa kwanza kustahili kuambiwa hakuwa Gordon. Alilifunga behewa lake kwenye leso, akaosha vikombe kumi na moja, akaenda nyumbani. Len alimshauri aupake upya na yaishe: "Ni mstari tu, Beryl." Wiki nzima brashi ilikaa mezani, na mara mbili aliishika. Dakika kumi zingetosha, na kiti kile kingekuwa chake. Lakini hizo dakika kumi alikwishazitumia mara moja.

Siku ya maonyesho ukumbi ulifurika. Meza ilionyesha bandari ya Harle yote, hata mashine ya kuinulia, inayofanya kazi kwa kubonyeza kitufe. Mzee Wilf alikuwa mahali pake karibu na hita. Beryl aliacha birika likichemka, akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Mzee Wilf, ni mimi, Beryl."

"Wa chai."

"Wa chai. Na wa mstari." Akasogea karibu zaidi. "Ule mstari wa Novemba nilipaka mimi. Niliukosea. Behewa liliporudi nikaufuta kabla ya wakubwa kufika. Wewe hukukosea kitu. Hukukosea hata siku moja."

Gordon, aliyekuwa akipita na sahani ya keki, alisimama kama aliyepigiliwa misumari. Trevor akasogea. Watu hunusa jambo, nao wakajaa.

Beryl akafungua leso, akaliweka behewa mikononi mwa mzee. Vidole vikubwa vilivyokakamaa vililipapasa polepole: breki, sakafu iliyobonyea, kisha bawaba. Dole gumba likausukuma mlango, ukafunguka.

"Namba," alisema mzee. "Msinitajie. Nane, moja, sita, sifuri, tisa, mbili."

Miaka yote ile ya kucheka, hakuna aliyewahi kumuuliza namba. Gordon aliweka sahani chini, akainama, akasoma ubavuni. Midomo yake ilitamka tarakimu moja moja, na alipofika ya mwisho macho yalikuwa yamemjaa maji. "Ndiyo yenyewe, baba."

"Mlango uko hapa, chini ya dole gumba langu."

"Uko hapo."

"Na mstari je? Unapanda upande gani?"

Treni ndogo ikasikika ikizunguka peke yake.

"Ule mwingine," alisema Gordon.

"Mimi ni kiziwi kidogo."

"Unapanda upande usio na mlango, baba!" Gordon alipiga kelele, mwenyekiti mzima, machozi yakimchuruzika. "Ulikosewa! Mstari ulikosewa!"

Mzee Wilf alicheka kicheko kilichomtoa kikohozi. Kisha akageuza uso kumwelekea Beryl. "Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Mjinga wee."

"Ndiyo, mzee."

"Miaka thelathini na tatu, mwanamke! Na chai yako yote hiyo nimekunywa!" Akaukamata mkono wake na hakuuachia. "Ungekaa kimya, nisingejua kamwe. Ningekufa nikiamini ni mimi."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa nipelekeni kwenye mashine yangu."

Walimsogeza na kiti chake mpaka mezani. Beryl alijaza behewa makaa ya kweli aliyoyasaga kwa kinu cha jikoni, akaliweka kwenye mashine, na Gordon akaligeuza kama mstari ulivyoelekeza. Wakakiweka kidole cha mzee kwenye kitufe. Behewa likainuka juu ya meli ya kadibodi, juu, juu zaidi, likasimama wima karibu ya kuanguka. Hapakumwagika hata punje.

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga makofi, wakapiga meza, akina mama waliokuja kununua keki tu wakashangilia bila kujua wanashangilia nini. Trevor alivua kofia, akamwendea mzee, akasema nisamehe mbele za watu, na mzee akamwambia mbwa wee, kwa furaha.

"Wanachama," Gordon alisema. "Behewa limeletwa. Nani anakubali?"

Mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wa Wilf.

"Baba, wewe si mwanachama."

"Nyamaza, unyanyue wako."

Akanyanyua. Wakanyanyua wote. Beryl alikwenda moja kwa moja kwenye kile kiti kitupu, akakaa, akaegemea meza kwa viwiko vyote viwili kama wafanyavyo wao. Birika lilikuwa limeanza kupiga kelele jikoni. Kumi na mmoja wale wakatazamana, halafu wakamtazama yeye.

"Sukari tatu za mzee," Beryl alisema bila kugeuka. "Mimi moja."

Gordon akaenda. Na Mzee Wilf, kidole bado kwenye kitufe, alilishusha behewa na kuliinua tena, mara ya pili, ya tatu, ya kumi, na kila lilipokataa kumwaga alisema kwa sauti, kwa yeyote aliyepita, "Umeona? Umeona sasa?"