Vyumba Vitatu vya Raho

Kila asubuhi, baada ya kuswali, Raho alifungua milango ya vyumba vitatu visivyokuwa na mtu, akafagia sakafu ambayo hakuna aliyeikanyaga, kisha akaifunga milango tena. Majirani zake wa mtaa wa Waberi, mjini Garissa, walishazoea kusikia makufuli yake. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na tisa. Mabinti wawili waliolewa ng'ambo, na mwana wake wa pekee, Hared, alikuwa na duka la vitambaa Islii, Nairobi. Nyumba aliijenga na marehemu mumewe, dereva wa lori la mifugo, chumba baada ya chumba, kila mwaka ambao mvua ilikubali na ng'ombe wakanona.

Zamani ua ule ulikuwa na kelele. Walimu waliishi humo miaka sita, watu waliotoka kule ambako wengi wa Garissa mpaka leo wanakuita Kenya, kana kwamba wao wenyewe wako nchi nyingine. Mke wa mwalimu mmoja alimfundisha Raho kupika githeri ya mahindi na maharagwe, naye akamfundisha kukaanga anjera, mkate mwembamba wa Kisomali, isishike kwenye chuma. Kisha yakaja mashambulizi ya barabarani na vijijini, walimu wakahamishwa, na kwa muda wa wiki moja ua ukawa mweupe. Waliowafuata walikuwa vijana watatu wa miraa. Hao waliondoka na bawaba za mlango.

Tangu hapo, miaka mitatu sasa, kimya. Nimepita miji mingi yenye watu wanaolalamikia kelele za wapangaji, lakini sijasikia malalamiko mazito kama yale ya mwanamke anayetega sikio akisubiri sufuria ya mtu mwingine igongane.

Siku ya kwanza ya mwezi Hared alipiga simu.

"Hooyo, umeamkaje?"

"Salama, hooyo," Raho akamjibu, kwa maana kwa Wasomali mama naye humwita mwanawe vivyo hivyo. "Kama ni habari ya kodi, bado sijapata mtu."

"Sitaki kodi. Ungeanguka bafuni sasa hivi, nani angejua?"

"Mungu angejua."

"Na angenipigia simu?"

"Astaghfirullah! Funga mdomo wako."

Hared hakucheka. "Mwezi huu ukiisha bila mtu kuishi hapo na wewe, nakuja kukuchukua. Utakaa kwangu. Nyumba tutauza."

Raho alimjua mwanawe. Hakuwa mtu wa kutisha bure. Pia alikijua hicho alichokiita kwangu: ghorofa ya nne, dirisha linalotazama ukuta. Aliwahi kukaa huko siku kumi na moja, na siku zote hizo hakujua upepo unatoka upande gani. Alirudi Garissa akiwa amejifunza kuogopa ngazi.

Basi akatangaza vyumba vyake. Alimwambia imamu, akamwambia muuza maji, akamwambia Saynab, jirani yake anayeuza maziwa ya ngamia na ambaye ukimwambia yeye huna haja ya kumwambia mwingine.

"Paka rangi ya waridi, abaayo, dada yangu," Saynab akamshauri. "Watu wa Kenya wanapenda rangi."

"Ya waridi ni ya saluni."

"Basi kaa na kuta zako za kijivu, mzeeke pamoja nazo!"

Watu walikuja. Wa kwanza alikuwa Martin, karani, akiwa na mwenzake. Raho aliwapokea kama inavyopasa kumpokea mtu wa heshima. Tangu alfajiri alikuwa amewasha chetezo, akatia makaa, akanyunyizia uunsi, ule uvumba uliopikwa na sukari na marashi ambao mwanamke wa Kisomali hufukizia nyumba yake mgeni anapotarajiwa. Hakufukiza kidogo. Alifunga madirisha ili harufu ishike kuta, na alipofungua mlango moshi ulitoka mbele yake kama mwenye nyumba. Martin alichungulia, akakohoa, akamtazama mwenzake. "Tutarudi, mama," akasema. Hawakurudi.

Ciku, muuza nguo za watoto sokoni, alifika na mtoto mgongoni. Hakuvuka hata kizingiti. Akaja mwalimu, naye akasema atazungumza na mkewe. Kila mmoja alipoondoka, Raho aliongeza uunsi kwa ajili ya yule atakayefuata. Wiki mbili za mwezi zikaisha.

Aliyemfumbua macho alikuwa Kioko, fundi wa milango kutoka Kitui, aliyekaa Garissa miaka kumi na mmoja na kulijua joto lake kuliko wenyeji. Raho alimwita arudishe bawaba. Kioko aliingia chumbani, akatoka haraka.

"Mama, kuna mtu amekufa humu?"

"Hakuna! Mbona nasema hifyo?" Raho alizungumza Kiswahili cha sokoni, p ikawa b na v ikawa f, na nafsi zikiingia popote penye nafasi.

"Sasa huu moshi ni wa nini?"

"Ni ya heshima. Mgeni anakuja, nyumba lazima inanukia."

Kioko akaketi juu ya sanduku lake la vifaa, akacheka mpaka akafuta macho. "Mama Hared! Kwetu ukikuta chumba kitupu, madirisha yamefungwa, moshi umejaa mpaka kwenye paa, unajua mganga ametoka sasa hivi. Unajiuliza alikuwa anafukuza nini. Na kama kimetoka ama bado kiko."

Uso wa Raho uliwaka, kisha ukapoa. Alikuwa amewapa wageni kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, nao walikuwa wamekimbia.

"Sasa nafanya nini?"

"Kwanza fungua madirisha," Kioko akasema. "Halafu nikuambie. Mimi naweka milango ya watu, nasikia wanachouliza. Hakuna anayeuliza rangi. Mwanamke anayeishi peke yake anashika komeo la ndani, anatikisa. Anatazama choo kiko wapi na kama kuna taa njiani. Anatafuta pa kuanika nguo zake za ndani bila mtaa mzima kuzihesabu. Na maji. Ukimdanganya kuhusu maji, atahama kabla sabuni haijamkauka."

Kazi ile haikuwa ya gharama. Raho alinunua chokaa, akapaka mwenyewe akiwa amejifunga kitambaa kichwani. Kioko alitia makomeo mazito upande wa ndani na kupigilia wavu wa mbu madirishani. Saynab, aliyekuja kukosoa, alijikuta ameshika sindano, akiunganisha magunia yaliyofuliwa ili yatundikwe chini ya mabati kupunguza joto. Kamba ya nguo waliifunga nyuma ya ukuta wa bafu. Taa ndogo ya jua ikawekwa njia ya chooni. Kwa siku tano ua ulikuwa na nyundo, matusi ya Saynab na vicheko vya Kioko, na Raho alilala usingizi ambao hakuulala kwa miaka mitatu. Kazi ilipokwisha, wote wawili wakaenda makwao.

Zikiwa zimebaki siku sita mwezi uishe, akaja Nkirote, muuguzi kutoka Meru, mwanamke mrefu mwenye viatu vilivyojaa vumbi.

"Bita ndani, binti. Hii chumba iko safi."

Nkirote alipita. Akanusa chokaa. Akafunga komeo, akalitikisa, akafungua.

"Maji, mama?"

"Inakuja Jumanne na Ijumaa. Saa ingine haikuji, mimi sidanganyi. Lakini biba iko mbili, unachota."

"Naweza kuimba? Jumapili huwa naimba nikifua."

"Imba!" Raho alijibu kwa haraka iliyomshtua yeye mwenyewe. "Imba hata Jumatatu. Chai unakunywa? Jioni mimi nabika chai mingi, namwaga."

Nkirote akatabasamu. "Nitachukua, mama. Ila nikwambie ukweli, kwa sababu umeniambia ukweli wa maji. Kazi yangu iko Dagahaley, kambini kwa wakimbizi. Nakaa huko wiki tatu, natoka kwa siku nne tu. Nataka mahali salama pa kuweka vitu vyangu na kulala nikija mjini. Hutanisumbukia. Utasahau kama kuna mtu."

Raho alishika ufunguo. Alikuwa amemtafuta mpangaji mwema, na huyu hapa, mkweli, msafi, asiye na fujo. Angeweza kumwambia asubiri, labda kesho angekuja mwenye watoto. Lakini kesho alikuwa ameisubiri miaka mitatu.

"Karibu nyumbani," akasema, akampa.

Nkirote alileta kitanda, masanduku mawili na pazia la maua. Alilala siku mbili. Siku ya pili walikunywa chai, wakacheka juu ya jambo la daktari mmoja na mbuzi wake. Alfajiri iliyofuata gari la kambini lilimchukua, na kufuli likaning'inia mlangoni.

Siku ya mwisho ya mwezi, alasiri, Hared akapiga simu.

"Hooyo, nije kesho ama?"

"Uje kufanya nini? Nina mpangaji. Muuguzi. Anaitwa Nkirote."

"Wallahi?"

"Wallahi. Kitanda chake kiko hapa, pazia lake liko hapa."

"Alhamdulillahi. Mpe simu nimsalimie."

Raho alisimama mbele ya mlango wenye kufuli. Pazia lilikuwa limetulia nyuma ya wavu.

"Amelala," akasema. "Watu wa hospitali wanalala mchana."

"Haya, hooyo. Basi kaa kwako. Nimefurahi kuwa hukai peke yako."

Waliagana. Raho aliteremsha simu, akabaki pale akiwa amejishika mdomo, kwa kuwa sasa tu ndipo alipotambua kwamba mazungumzo yote yale aliyafanya kwa kunong'ona, asimwamshe.