Risasi Tulizojaza Wenyewe Kibondo

Mume wangu alikuwa bwana nyama, mtumishi wa idara ya wanyamapori, na mimi nilifundisha hesabu shule ya msingi. Tulipohamia Kibondo kutoka Kasulu tulikuja na kitanda, baiskeli, magunia mawili ya vyombo na sanduku la bati ambalo wanaume wawili walilishusha kwenye lori kwa shida. Sanduku hilo mume wangu alipewa na Bruda mmoja wa misheni, fundi wa magari na mwindaji wa miaka mingi, ambaye macho yalikuwa yamemchoka akaamua kurudi kwao Ulaya. Juu kabisa ndani ya sanduku ilikaa barua ya polisi ya kuruhusu vifaa vya kujazia risasi.

Bunduki sikuzipenda. Siku nilipofungua lile sanduku nilikuwa natafuta mahali pa kuweka shuka. Ndipo nikaona mizani. Ilikuwa ndogo, mkono wake mwembamba kama sindano ya kushonea magunia, na nilipopulizia pumzi kidogo ikapanda na kushuka. Nilikata kipande cha karatasi ukubwa wa ukucha nikakiweka juu yake. Ikakipima. Nikaandika jina langu kwa penseli kwenye kile kipande, nikakipima tena, na naapa ilionyesha tofauti.

Mume wangu aliponikuta sakafuni alicheka. "Mwalimu, hiyo ni ya baruti."

"Baruti inapimwa hivi? Kwa nini?"

Akakaa chini na kunionyesha. Sote tulisema "risasi" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe ni vitu vinne: ganda la shaba, fataki ndogo iliyo kitakoni mwa ganda, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Ganda likishapigwa halifi. Unalisafisha, unalirudishia umbo kwa ile mashine ya mkono iliyofungwa mezani, unalitia fataki mpya na baruti, unashindilia kichwa kipya. Bruda alikuwa amemwachia makopo ya baruti, pamoja na kitabu cha vipimo ambacho alimwapisha asikiuke hata kidogo.

Alikuwa na shida ya kazini iliyomfanya alitazame sanduku lile kwa matumaini. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya, mashamba yakasogea hadi porini, na wanyama wakaingia mahindini. Risasi alizoletewa kutoka bohari zilikuwa za kuokoteza, za viwanda mbalimbali. Kwa hatua mia moja zilipiga mahali pamoja. Kwa hatua mia tatu, kuvuka bonde, hakujua itakwenda wapi. Alikuwa amejeruhi mnyama mmoja namna hiyo, akamfuata siku nzima asimpate, na tangu hapo alikuwa analala vibaya.

"Huenda ni mkono wangu," aliniambia.

"Huenda," nikasema. "Lakini tunaweza kujua."

Basi tukaanza. Kulikuwa na masanduku matatu ya vichwa: vyepesi vyenye ncha kali, vizito vyenye ncha ya mviringo kama kidole gumba, na vizito virefu vyenye ncha kali. Mimi nilikuwa na hakika kwamba chepesi kitafika mbali zaidi, maana jiwe dogo nalitupa mbali kuliko jiwe kubwa. Mume wangu aliviamini vya mviringo kwa sababu Bruda aliwahi kuvitumia kwa nyati. Tulikubaliana kutobishana mpaka tupime.

Kazi tuliifanya Jumapili asubuhi baada ya ibada ya kwanza, madirisha yamefungwa. Hilo la madirisha tulijifunza kwa taabu. Wiki ya kwanza mizani ilinikataa. Kila nikipima baruti ileile napata jibu jingine, mpaka nilipoona pazia linacheza. Upepo usioweza kuinua unyoya ulitosha kuiyumbisha. Jiko tulilizima, na hakuna aliyevuta sigara karibu na meza ile. Mimi nilipima na kumimina, yeye akashindilia.

Jumapili moja mama mkwe wangu alifika kutoka Munanila bila taarifa. Alikuwa amelala Kasulu, akapanda lori la alfajiri.

"Mwakeye," alitusalimu mlangoni, na kabla hatujamaliza kuitikia alikuwa ameshaingia, ameona meza. "Mkazamwana, hiki ni chakula gani mnachopika madirisha yamefungwa?"

Nilisimama kumpokea mzigo. Tukasalimiana kama ipasavyo, habari za nyumbani, za mihogo, za mgonjwa wa jirani. Niliporudi kwenye kiti, maganda arobaini yalikuwa yamesimama kwenye kibao chake, mengi tayari yamefungwa kwa vichwa, na mimi sikuweza kukumbuka kama lile la mwisho nililitia baruti kabla ya kuinuka. Mume wangu alikuwa ameendelea kushindilia huku anazungumza na mama yake.

Nikamwambia.

"Ulitia," alisema. "Wewe husahau?"

"Sijui. Ndiyo maana nakuambia."

Tulijaribu kupima risasi moja moja ili iliyo nyepesi ijitoe. Haikujitoa. Maganda yenyewe yalitofautiana uzito, kitu ambacho hatukuwahi kukifikiria, na tofauti ile ilificha kila kitu. Mama mkwe alituangalia tunavyohangaika, kisha akauliza ikitokea moja haina baruti kuna hasara gani. Mume wangu alimweleza kwamba fataki peke yake inaweza kusukuma kichwa hadi katikati ya mtutu kikanasa humo, na risasi itakayofuata ikakuta njia imezibwa.

Mama akasogea mezani. "Na bunduki inakaa karibu na uso wako?"

"Ndiyo, mama."

"Basi fungua zote."

Tulifungua zote, kichwa baada ya kichwa, hadi alasiri. Ya thelathini na moja ilikuwa tupu. Mume wangu aliigeuza juu ya kiganja, hakikutoka kitu. Hakunilaumu, na mimi sikujitetea. Tangu siku hiyo tulijaza kumi kumi, na mgeni akibisha hodi tulimaliza kumi kwanza.

Shabaha tuliiweka kwenye ukingo wa machimbo ya zamani ya matofali, gunia lililobandikwa karatasi, na mwenyekiti wa kijiji akiwazuia watu kupita. Mume wangu alipiga amelala, bunduki juu ya mfuko wa mchanga. Mimi nilikwenda kupima matundu kwa rula ya ubaoni. Kwa hatua mia moja vichwa vyote vitatu vilikuwa marafiki. Kwa mia tatu kile cha mviringo kilikuwa kimeanguka vibaya sana. Chepesi, mgombea wangu, kilifika juu vizuri lakini kilitawanyika kwa upepo wa pembeni. Kilichotulia ni kizito kirefu chenye ncha. Nilirudi kwenye gunia mara mbili kuhakikisha, kwa sababu mfano wangu wa mawe niliupenda.

Zile za kuokoteza za bohari zilitapakaa gunia zima.

"Kwa hiyo si mkono wangu," alisema, akabaki amelala pale pale kwa muda, kidevu juu ya mfuko wa mchanga.

Mwezi uliofuata tuliitwa Kitahana. Pofu dume, yule swala mkubwa kama ng'ombe, alikuwa ananing'iniza kitanzi cha waya mguuni. Hakuweza tena kwenda mbali, akawa anakula mahindi ya watu na kushinda kwenye mteremko uliochomwa moto, mahali peupe ambapo kila anayekuja anaonekana. Shule ilikuwa imefungwa, nikaenda.

Tulimwona ng'ambo ya bonde, mguu ameuinua. Mume wangu alilala chini, akatazama muda mrefu, kisha akageuka kwangu. "Naona ni mia nne. Inashuka kiasi gani kwa mia nne?"

Daftari langu liliishia mia tatu. Ningeweza kuendeleza ile hesabu, lakini nilikuwa nimeshaona mara mbili kwamba hesabu yangu ya kichwani na gunia havikubaliani.

"Sijui," nilisema.

Akafungua bunduki na kuichomoa risasi iliyokuwamo.

Mwenye shamba alikasirika. "Bwana Nyama, umetoka Kibondo kuja kutazama?"

"Nimekuja kumpiga mara moja, mzee. Kutoka hapa nitampiga mara tatu."

Kesho yake kabla jua halijachomoza alizunguka kwa nyuma ya kilima, akajilaza kwenye majani yaliyosalia juu ya mteremko. Mimi nilibaki na wanakijiji ng'ambo. Mlio ulitufikia pofu akiwa tayari amepiga magoti. Hakusimama tena. Baadaye tulihesabu hatua mia mbili na kumi.

Wakati wa kuchuna niliomba nitafutiwe kile kichwa. Kijana mmoja wa bucha aliyekuwa akichuna alikikuta chini ya ngozi ya upande wa pili, kimefunguka mbele kama uyoga. Nilikifunga kwenye leso, nikaenda nacho nyumbani, nikafunga madirisha na kukipima. Karibu robo ya uzito wake haikuwapo.

"Imebaki kwenye nyama," mume wangu alisema.

Nyama ilikuwa imeshagawiwa kijijini, na vipande vile ni sumu kwa anayevila. Tukaazima pikipiki ya ofisi, tukarudi Kitahana jioni ileile kwenda nyumba kwa nyumba, kuomba akina mama waliopata upande wa kifua watuoneshe sufuria zao. Wengine walidhani tumekuja kunyang'anya. Nyumba ya nne, bibi mmoja alinikabidhi kijiko chenye vipande viwili vyeusi alivyotoa mdomoni mwake, akaniuliza kama hivyo ndivyo ninavyovililia.