Nilivizia medali ya baba yake Mama Hawa, nikaisingizia Kongo

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote, kwamba minara ya simu ya Kongo inaiba saa za watu wa Koboko.

Aliyenieleza ni mwendesha boda wa hapa Mvara, mjini Arua. Alisema Koboko imekaa mpakani mno, basi simu ikidaka mtandao wa Kongo inarudi nyuma saa moja, na mwenye simu naye anarudi nyuma saa moja ya umri wake. "Angalia ile mzee ya karibu na musikiti," akaniambia. "Iko na miaka mia, na bado inapanda mulima na baiskeli. Wewe unafikiri ni mihogo?" Nikaamini! Mimi, mhitimu wa shule ya jioni, mwenye cheti nilichokilaminisha mara mbili kwa sababu mende wa Arua ni wakubwa kama sahani na wanakula karatasi hadi mhuri. Nilipohamia Koboko nilibeba simu mbili, ili nirudi kijana maradufu.

Habari ya umri ni upuuzi, hilo lilinitoka zamani. Lakini saa ya simu kuruka mpakani hutokea kweli, na dhambi yangu ilijificha hapo hapo. Ndugu msomaji, nimemkosea mtu aliyenilisha. Nimemkosea vibaya, na sina tena wa kumsingizia.

Huyo mtu ni Mama Hawa. Nilipanga chumba cha nyuma kwake miaka miwili, nilipokuwa natengeneza simu sokoni Koboko, kabla sijarudi hapa Arua. Yeye ni mshonaji, na sauti yake ukiisikia ukiwa Arua unaweza kugeuka ukidhani anakuita. Hakuwahi kuniita kwa jina langu. Mimi nilikuwa "Mutoto ya Arua". Nikichelewa kurudi nakuta sahani imefunikwa, samaki upande wangu na kichwa chake, kwa sababu alijua napenda kichwa. Siku nilipougua malaria aliniosha miguu. Mama mzazi hawezi kuzidi hapo.

Ndani ya nyumba ile alikuwapo pia mama yake, Bibi Mariamu, mzee wa kulala barazani kwenye mkeka, macho yamefifia, masikio makali kama ya sungura. Mume wake alikuwa sajini wa jeshi enzi za zamani, na alipewa medali. Wakati watu wa huku walipokimbia vita kuvuka kwenda Kongo, mume huyo alikuwa amepotezana nao, watoto wanalia njaa, na Bibi akaitoa ile medali kwa mtu, akapewa unga wa muhogo. Mama Hawa ni mmoja wa watoto waliokula ule ugali.

Mzee alirudi, akaambiwa. Hakumlaumu mkewe hata siku moja. Ila hakuitaja tena medali hadi alipozikwa, na ule ukimya ndio uliomkaa Bibi kifuani.

"Nataka nishike tu," Bibi alikuwa akisema. "Nishike, halafu niende nimwambie imerudi."

Sasa sikieni ugonjwa wangu. Mimi ni mkusanyaji wa medali za askari wa zamani. Huku kwetu kila nyumba ya pili ilitoa askari, basi vitu hivi vipo, ila vimetawanyika. Nilitengeneza fremu ya mbao ya mvule, nikaweka kitambaa chekundu, nikapanga medali tatu za aina tatu. Ya nne ilikosekana. Niliitafuta mpaka nikadhani haikuwahi kutengenezwa.

Sisi wakusanyaji tuna kundi letu la mtandaoni. Karani wa mnada yuko Kampala. Anaweka picha ya kitu, watu wanataja bei wiki nzima, halafu Jumamosi saa kumi jioni kamili analifunga kundi. Bei ya juu kabisa iliyoingia kabla ya kufunga ndiyo mshindi. Hakuna dakika ya nyongeza, hakuna kulia.

Katika mnada wa namna hiyo, anayetaja bei mapema anawafundisha wenzake anachotaka. Kwa hiyo mtu mwerevu anavizia. Nilikuwa bingwa wa kuvizia, mkoa mzima wa West Nile, labda na Sudan Kusini yote ukiongeza! Siku saba nanyamaza kama sijui hata kusoma. Naulizia kitu kingine kabisa, kofia kuukuu au filimbi, ili wanifikirie mpumbavu. Jumamosi nasimama penye mtandao mzuri, ujumbe nimeshauandika, bei yangu haina sifuri mwishoni kwa sababu watu wote wanapenda sifuri, na kidole kiko juu ya kitufe kama paka juu ya panya. Sekunde za mwisho, naachia. Wenzangu wanabaki wanaandika wakati kundi limefungwa.

Siku moja karani akaweka picha ya medali. Ilikuwa ile ya nne! Nikaikuza picha. Pembezoni mwa chuma, herufi ndogo ndogo: namba ya askari, cheo, jina. Nikalisoma jina mara tatu. Lilikuwa jina la mume wa Bibi Mariamu.

Naapa, siku hiyo nilikuwa mtu mwema. Sikungoja hata kidogo, nikampigia Mama Hawa.

"Mama, kaa chini kwanza."

"Niko chini, iko nashona. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Medali ya mzee imeonekana. Iko kwenye mnada."

Nikasikia anamfokea mtu azime cherehani, ingawa cherehani alikuwa anaiendesha mwenyewe. Halafu akalia. Nilimwingiza kwenye kundi, nikamfundisha kuvizia. "Usitaje bei, Mama. Usionyeshe hata kidole. Ngoja Jumamosi, karibu kabisa na saa kumi, ndipo utume." Akajibu, "Mutoto ya Arua, kama si wewe, nani?"

Kama si mimi, nani. Maneno hayo sasa nayasikia nikipiga mswaki.

Katikati ya wiki mkusanyaji mwenzangu wa Gulu aliona picha ya fremu yangu, akaandika mbele ya watu wote: "Bwana, fremu yako ina pengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza." Watu wakacheka. Mimi hupenda kuchekwa, ndiyo kazi yangu hapa mjini. Lakini jioni nikakaa mbele ya ile fremu, na lile pengo likanitazama.

Ndipo nikakumbuka saa ya Kongo.

Mama Hawa ana simu ndogo ya kioo, imewekwa ijirekebishe saa yenyewe. Nikajiambia: Jumamosi simu yake ikidaka mnara wa Kongo, saa kumi yetu yeye ataiona saa tisa. Atakuwa anangoja bado, na mnada umekwisha. Ningeweza kumpigia nimwambie, Mama, tazama saa ya ukutani, usiamini simu. Maneno machache tu! Sikuyasema. Nilijidanganya kwamba kunyamaza si kusema uongo. Nikajidanganya zaidi: nitaichukua mimi, ikae kwenye fremu kidogo, nipige picha moja ya kumfunga mdomo yule wa Gulu, halafu nitampelekea Bibi. Niitoe kwenye fremu? Mimi? Nilijijua, nikajifanya sijijui.

Jumamosi nilitumia laini yangu ya pili, ambayo niliamini hakuna mtu wa Koboko anayeijua. Watu watatu walikuwa wametaja bei. Namba ya Mama Hawa ilikuwa kimya kabisa, kama nilivyomfundisha. Zikabaki sekunde kama kumi, nikaachia kidole. Hakuna aliyeongeza bei. Kundi likafungwa. Karani akaweka alama ya mshindi kwenye namba yangu.

Sikuruka. Kwa kawaida huwa naruka mpaka majirani wanauliza.

Hazikupita dakika nyingi, Mama Hawa akapiga. "Mwanangu!" Alikuwa anacheka. Nikadhani ni kile kicheko cha mtu aliyechanganyikiwa, na hofu ikanifanya nimkatize kabla hajafika popote.

"Pole, Mama! Pole sana! Ni Kongo! Simu yako imedaka Kongo, imekuibia saa moja, mtu mwingine ameichukua!"

Kicheko kikakatika.

"Kongo?" akauliza.

"Kongo, Mama. Mimi mwenyewe nimeumia."

"Haya, mwanangu." Akakata simu.

Medali ilikuja, nikaiweka kwenye pengo. Fremu ikajaa. Picha nikapiga, nikamtumia yule wa Gulu peke yake, akanyamaza, na furaha yangu ikaisha kabla chai haijapoa. Maana jina lile liko pembezoni, na kila nikipita natamani kulisoma, na nikilisoma naona unga wa muhogo. Nikaigeuza fremu itazame ukuta. Ikawa mbaya zaidi! Kitu kilichogeuziwa ukuta kinaonekana kama mtu aliyekukasirikia.

Nilikuwa nampigia Mama Hawa kila wiki, kwa sababu mwenye hatia anapenda kuhakikisha bado anasalimiwa. Alinisalimia. Aliuliza habari za kazi. Na kila mara, nyuma yake, nilisikia sauti ya Bibi kutoka kwenye mkeka:

"Imekuja?"

Na Mama Hawa anageuza uso kutoka kwenye simu: "Bado, Mama."

Sikuuliza ni nini kinachongojwa. Nilijiambia ni dawa, ni mvua, ni mjukuu. Lakini mwili wangu ulijua. Nikawa siwezi kusimama stendi ya magari, kwa sababu pale watu wanaulizana mchana kutwa, imekuja? imekuja? Nilikuwa nageuka kama mtu aliyeguswa shingoni. Mteja ameniletea simu iwekwe betri, ananiuliza kama betri imekuja, nikaidondosha simu ya watu. Wenzangu wakasema, huyu jamaa wa vichekesho amerogwa. Sikurogwa. Rafiki mmoja wa Manibe alinishauri niende nikaombewe, nikaenda, na mchungaji alipoinua mkono tu akasema, "Baraka yako imekuja!" Nikatoka nje mbio.

Mara nyingi nilifunga medali kwenye kitambaa ili niipeleke. Mara nyingi niliifungua tena. Leo kuna kazi. Kesho barabara ina vumbi. Keshokutwa nitasema nini?

Halafu mtoto wa jirani yao akanipigia: Bibi Mariamu ametangulia mbele ya haki.

Kabla sijamaliza, niwaonye hapa, kwa sababu mwishoni sitakuwa na sauti. Wewe mwenye mkusanyiko, wewe unayejisifu kwa sekunde za mwisho, jua ni nani uliyemnyamazisha ili upate nafasi. Ukimfundisha mtu kungoja, usiwe wewe unayemvizia. Na ukishakosea, peleka kitu cha watu siku hiyo hiyo, ungali na aibu mbichi. Aibu ikikaa, inakufundisha sababu. Mimi nilikuwa na sababu nyingi kuliko mchwa wa Kuluva, na hakuna hata moja iliyoweza kumfikia Bibi kwenye mkeka wake.

Nilifika Koboko mazishi yameshapita. Wanawake walikuwa wamekaa uani wanaosha masufuria. Mama Hawa aliniona, akatandika mkeka kivulini mwa ukuta, akaniletea maji ya kunawa, kisha chakula. Samaki. Kichwa kiko upande wangu.

Sikuweza kumeza. Nikatoa kitambaa mfukoni, nikakifungua juu ya mkeka.

"Mama, ni mimi niliyeichukua. Nilijua simu yako itadaka Kongo. Ningeweza kukwambia, nikanyamaza. Ulichelewa kwa sababu yangu."

Aliichukua medali. Akapitisha ukucha pembezoni, herufi moja moja, mpaka mwisho wa jina la baba yake. Hakupiga kelele. Ningempa kila nilicho nacho apige kelele.

"Mimi hapana chelewa," alisema. "Kongo hapana iba saa yangu. Simu ilisema saa kumi, na ya musikiti saa kumi. Kidole yangu ilikuwa tayari. Halafu nikaona namba yako ile ya pili. Ulinipigia nayo siku simu yako ilianguka kwa maji, mimi nikaiandika jina yako. Nikaondoa kidole. Nikasema, mutoto yangu ananunua, nisimupandishie bei. Nikamwambia Mama: Mutoto ya Arua amepata, iko analeta."